Tajiri Ni Nani?

Katikati ya mji wa Lubumbashi yasimama nyumba moja ya sala ambayo wengi wetu twaipita bila kuuliza habari zake. Si kanisa, wala si msikiti. Ni sinagogi la Wayahudi, lililojengwa mwaka 1930, wakati mji wetu ulipokuwa ukiitwa bado Elisabethville. Wengi wa wale waliosali humo walitoka kisiwa cha Rhodes, katika bahari ya Mediteranea. Babu zao walikuwa wamefukuzwa Hispania mwaka 1492. Wajukuu wakaja Katanga kutafuta maisha, hasa kwa njia ya biashara. Rabi Moïse Levy aliwasili kwao mwaka 1937, akawaongoza kwa zaidi ya miaka 50.

Leo Wayahudi wa Lubumbashi ni wachache sana. Lakini wazee wao wa kale walifundisha jambo moja linalotufaa mno sisi tunaokaa juu ya shaba. Maana mali ya ardhi yetu ni nyingi, na huku katika nyumba nyingi mama hutazama unga uliobaki, akajiuliza kama utatosha bukari ya kesho. Mtu aishiye hivyo aweza kuupata wapi moyo wa kuridhika? Tena, je, ni haki kumwambia aridhike?

Tuanze na mwalimu mmoja jina lake Ben Zoma, aliyeishi katika nchi ya Palestina karne ya pili. Huyu hakupata kamwe cheo cha rabi, hata hivyo maneno yake husomwa mpaka leo. Aliuliza maswali manne: mwenye hekima ni nani, mwenye nguvu ni nani, tajiri ni nani, na mwenye heshima ni nani? Kwa swali la tatu alijibu kwamba tajiri ni yule anayelifurahia fungu lake. Akaleta shahidi kutoka Zaburi, pale anaposifiwa mtu alaye matunda ya kazi ya mikono yake.

Tuangalie vema shahidi huyo. Ben Zoma hakumsifu mvivu anayelala mkekani akisema, «Mungu atanipa.» Kwanza ni kazi ya mikono, furaha hufuata. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Kuridhika si kuacha jembe. Ni kuyafurahia mavuno tuliyoyapata, bila kuyahesabu mavuno ya jirani.

Warabi walijua pia jinsi moyo wa binadamu ulivyo. Walisema kwamba mwenye mia moja hutamani mia mbili, na kwamba hakuna aondokaye duniani akiwa amepata hata nusu ya tamaa zake. Nasi twayaona hayo katika mitaa yetu. Mwenye baiskeli hutamani pikipiki. Akiipata pikipiki, hapati usingizi kwa ajili ya gari la mwenzake. Kumbe mtu huyo angali maskini, kwa kuwa tamaa yake hutembea mbele yake sikuzote.

Mwalimu mwingine, Abraham Ibn Ezra, alizaliwa Hispania, nchi ile ile ya babu za Wayahudi wa Rhodes. Aliishi karne ya 12, akatangatanga nchi nyingi katika umaskini. Yeye aliifafanua amri inayokataza kutamani mali ya mwingine. Watu walikuwa wakiuliza: moyo waweza kuamriwaje usitamani? Alijibu kwa mfano. Mwanakijiji mwenye akili, akimwona binti wa mfalme, hapotezi usingizi akiwaza kumwoa, kama vile asivyohuzunika kwamba hakuzaliwa na mabawa ya ndege. Basi na tuitazame mali ya jirani vivyo hivyo: Mungu hakutugawia sisi.

Lakini moyo haufundishwi kwa maneno matupu. Wayahudi waliufundisha kwa mazoea. Twasoma katika kitabu cha Kutoka habari za mana jangwani: pishi moja kwa kila mtu. Aliyeficha akiba kwa kesho alikuta mabuu na uvundo. Siku ya sita tu walipewa maradufu, ili siku ya saba wapumzike. Mpaka leo Sabato huanza Ijumaa jua linapotua, na mwenye kuishika haachi kazi tu, bali huacha pia kununua na kuuza. Kila juma ajizoeza siku moja kusema: inatosha.

Sasa turudi kwa yule mama na unga wake. Je, aambiwe tu, «Furahia fungu lako»?

Hapa ndipo Sheria ile ile ya Musa inapotushika sote. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati chaamuru kwamba kibarua maskini alipwe mshahara wake siku ile ile, kabla ya jua kutua. Kitabu cha Walawi chaamuru pembe za shamba zisivunwe, ziachiwe maskini na mgeni. Hizo pembe si hisani ya mwenye shamba. Ni fungu la maskini lililomo ndani ya shamba lake.

Tukumbuke mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoondoka Gécamines kwa mpango ulioungwa mkono na Benki ya Dunia, baada ya kungoja mishahara miezi mingi. Nani angethubutu kusimama mbele yao na kuwahubiria kufurahia fungu lao, na fungu lenyewe halijalipwa? Anayedai mshahara wake hana tamaa, kwa maana adai kilicho chake. Mwenye tamaa ni yule anayezuia mshahara wa mwingine. Ndiye asiyeridhika na fungu lake.

Wayahudi wenyewe wayajua hayo kwa uchungu. Mwezi wa Julai 1944 Wajerumani waliwakamata Wayahudi wa Rhodes, watu zaidi ya 1,600, wakawapeleka Auschwitz. Waliobaki hai walikuwa kama 150 tu. Wengi wa hao waliouawa walikuwa na ndugu hapa Katanga. Maovu kama hayo hayawezi kuitwa fungu la mtu. Fungu hutoka kwa Mungu; dhuluma hutoka kwa watu, nayo yatupasa kuikataa.

Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitukumbusha jinsi ulivyo mkubwa urithi wa roho tulio nao pamoja na Wayahudi. Basi tuutumie nyumbani. Jioni ya leo, baada ya chakula, baba, mama na watoto wahesabu mambo mawili. Kwanza, vitu walivyojaliwa, hata kama ni vidogo, wamshukuru Mungu. Pili, wahesabu kama kuna fungu la mtu mwingine lililobaki ndani ya nyumba yao: ujira wa mfua nguo, wa mchota maji, wa kijana aliyelima bustani. Likiwamo, wasingoje mwisho wa mwezi. Tutalifurahiaje fungu letu, na huku twalala na la mwenzetu?