Kinachouzwa Mitandaoni Si Wafuasi

Mtu akitaka kujua kama ukurasa wa Instagram au YouTube unaweza kumlisha mwenyewe, swali la kwanza huwa ni moja: una wafuasi wangapi? Hesabu hiyo iko wazi kwa kila apitaye, hupanda siku hadi siku, na tayari kuna biashara nzima ya kuuza wafuasi bandia kwa wale wasio na subira. Lakini ukiifuata fedha yenyewe, tangu inapotoka mfukoni mwa anayetangaza hadi inapogawanywa, utakuta kwamba mfumo wa matangazo hauuzi wafuasi hata kidogo. Unauza ubashiri, yaani makadirio ya kompyuta kwamba mtu fulani, akioneshwa tangazo fulani sasa hivi, atafanya jambo fulani. Kutolijua hilo kunawagharimu watu wengi wa Afrika Mashariki, kuanzia watengeneza maudhui wanaosubiri malipo yasiyokuja hadi wafanyabiashara wadogo wanaolipia posti zao bila kujua wamenunua nini.

Kila nafasi ya tangazo inapojitokeza kwenye kioo cha simu ya mtu aliyefungua Facebook au Instagram, mnada hufanyika na kumalizika kabla picha haijafunguka. Wenye matangazo hawapo; wameacha maagizo yao mapema, na kompyuta inanadi kwa niaba yao. Kampuni ya Meta, yenye mitandao hiyo, imeeleza wazi mambo matatu yanayoamua mshindi: dau la mwenye tangazo, uwezekano wa mtazamaji yule kufanya kile kinachotakiwa, na ubora wa tangazo machoni pa mtazamaji. Dau huzidishwa kwa uwezekano, kisha ubora huongezwa juu yake. Tuchukue mfano wa kubuni, tukiuacha ubora kando. Muuza magodoro yuko tayari kutoa shilingi 20,000 kwa kila godoro litakalouzwa, na mfumo unakadiria kwamba mtazamaji huyu, ambaye wiki nzima amekuwa akiangalia nyumba za kupanga, ana nafasi 1 katika 1,000 ya kununua. Thamani ya tangazo hilo ni shilingi 20. Muuza sabuni anatoa shilingi 2,000 kwa kila mteja, na nafasi yake ni 3 katika 1,000. Thamani yake ni shilingi 6. Godoro litashinda, ingawa uwezekano wa mtu huyo kununua sabuni ni mkubwa mara tatu. Idadi ya wafuasi wa wauzaji hawa wawili haimo popote katika hesabu hiyo.

Tena mshindi hatozwi dau lake lote. Msingi wa jambo hili uliwekwa mwaka 1961 na mwanauchumi William Vickrey, aliyeonesha kwamba katika mnada wa madau ya siri, mshindi akitozwa bei ya yule aliyemfuata badala ya bei yake mwenyewe, kila mshiriki ana faida ya kutaja thamani ya kweli aliyonayo moyoni. (Vickrey alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1996, akafariki siku 3 tu baada ya kutangazwa.) Edward Clarke mwaka 1971 na Theodore Groves mwaka 1973 waliipanua hoja hiyo ifae minada ya vitu vingi kwa pamoja, na mnada wa Facebook ulijengwa katika ukoo huohuo wa kanuni. Maana yake ni nzito kuliko inavyoonekana. Bei ya macho ya mtu mmoja haiwekwi na aliyeshinda, huwekwa na walioshindwa. Wanaposhindana wengi wenye fedha, bei hupaa. Pale mshindi asipokuwa na mpinzani wa maana, nafasi huenda kwa bei ya kutupa.

Historia yenyewe imetupatia ushahidi kwamba bidhaa ni ubashiri na si umati. Mwezi Aprili 2021, Apple ilianza kuzilazimisha programu za iPhone zimwombe mtumiaji ruhusa kabla ya kufuatilia anachofanya kwenye programu na tovuti nyingine. Wengi walikataa. Februari 2022 Meta ikasema kwamba hatua hiyo ingeipunguzia mapato ya takriban dola bilioni 10 mwaka huo, na siku iliyofuata thamani ya hisa zake ikaporomoka kwa zaidi ya dola bilioni 230. Mwaka ulipokwisha, watumiaji wa Facebook kwa mwezi walikuwa wameongezeka kutoka bilioni 2.91 hadi bilioni 2.96, ilhali mapato ya kampuni yalikuwa yameshuka kwa asilimia 1, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu iingie soko la hisa mwaka 2012. Ni kweli kwamba zilikuwepo sababu nyingine: ushindani wa TikTok, kupanda kwa dola, hali ngumu ya uchumi. Lakini kampuni yenyewe iliitaja sababu ya Apple kwa kiasi chake. Watu walikuwepo, tena wengi zaidi. Kilichopungua ni ujuzi wa kubashiri watafanya nini.

Sasa tulete hesabu hii nyumbani. Katika robo ya mwisho ya mwaka 2023, msimu wa manunuzi ya Krismasi, Facebook ilipata wastani wa dola 68.44 kwa kila mtumiaji wa Marekani na Kanada. Ulaya ilikuwa dola 23.14. Katika kundi ambalo kampuni huliita sehemu nyingine za dunia, ambamo Afrika imo pamoja na Amerika ya Kusini na Mashariki ya Kati, wastani ulikuwa dola 4.50. Dakika ya mtu wa Tabora si fupi kuliko ya mtu wa Texas, lakini nyuma ya dakika ya Texas kuna kampuni za bima, benki na watengeneza magari wanaopandishiana madau, na kuna manunuzi ya kadi yanayouambia mfumo nani alinunua nini. Kwetu, mteja huona picha ya gauni Instagram, huuliza bei inboksi, kisha hulipa kwa simu au hufika mwenyewe Kariakoo na noti mkononi. Mauzo yamefanyika, ila mfumo haukuyaona, na usichokiona hauwezi kukibashiri vizuri. Wapinzani ni wachache, ubashiri ni hafifu, bei inakuwa ndogo.

Wapo wanaosema huu ni ubaguzi tu, kwamba makampuni yanawapunja Waafrika kwa makusudi. Sehemu ya malalamiko hayo ina haki. TikTok ilipoanzisha mfuko wa kuwalipa watengeneza maudhui mwaka 2020 ilianza na Marekani, ikafuatia Ulaya, na Afrika haikuwemo. Hata hivyo YouTube inatuonesha kwamba mlango ukifunguliwa bado tofauti inabaki. Mgawo wake ni uleule Dar es Salaam na Dallas: asilimia 55 ya mapato ya matangazo kwenye video ndefu huenda kwa aliyeitengeneza, na tangu Februari 2023 asilimia 45 kwa zile fupi. Kinachotofautiana ni kile kinachogawanywa. Ndiyo maana video ya mapishi ya pwani inayotazamwa na Waswahili wa Muscat, London na Toronto inaweza kuingiza fedha nyingi kuliko nyingine iliyotazamwa mara nyingi zaidi ndani ya Tanzania. Mnada huangalia mtazamaji alipo, hauangalii kamera ilipo. Mgawo ungepandishwa hadi asilimia 70, asilimia 70 ya kidogo ingebaki kuwa kidogo.

Wengine watauliza: mbona tunawaona vijana waliotajirika kwa kurasa zao? Wapo, na hapa idadi ya wafuasi hupata maana yake. Lakini wengi wao hawakutajirika kwa mnada; walilipwa moja kwa moja na kampuni za simu, za vinywaji au za kamari ili waitaje bidhaa kwa sauti yao. Hayo ni mapatano ya ana kwa ana, yenye mkataba na bei ya kujadiliana, na kinachonunuliwa ni imani ya watu kwa msemaji. Njia hiyo ni halali na inalipa, ila ni nyembamba, kwa kuwa kampuni huchagua wachache na kuwaacha maelfu. Serikali ya Kenya, ilipoweka mwaka 2023 kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mapato ya maudhui ya kidijitali (pendekezo la awali lilikuwa asilimia 15), iliyatoza aina zote mbili za mapato kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa anayepanga maisha yake juu ya ukurasa, tofauti ni kubwa mno.

Hesabu ileile inayomkatisha tamaa mtengeneza maudhui inamfaa mtu mwingine kabisa. Bei ndogo ya macho ya Mtanzania au Mganda ni hasara kwa anayeyauza na ni nafuu kwa anayeyanunua. Kwa maoni yangu, pesa ya matangazo ya mitandao katika nchi zetu iko zaidi kwa mwenye bidhaa ya kuuza kuliko kwa mwenye umati wa kuonesha. Fundi wa samani wa Keko au mwenye duka la viatu Gikomba anaweza kuwafikia watu wa mtaa na umri anaoutaka kwa fedha ambazo zisingemnunulia hata sekunde chache za redio. Kuna sharti moja tu, nalo ndilo gumu: ajue kama tangazo limemletea mteja, au limemwonesha tu mteja aliyekuwa njiani kuja.

Ubashiri na sababu ni vitu viwili. Mfumo unalipwa kwa kuwapata watu wenye uwezekano mkubwa wa kununua, na wenye uwezekano mkubwa kuliko wote mara nyingi ni wale ambao wangenunua hata bila tangazo. Thomas Blake, Chris Nosko na Steven Tadelis walilionesha hilo kwa kutumia kampuni ya eBay, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015. Mwaka 2012 eBay ilizima matangazo yaliyokuwa yakitokea watu walipotafuta jina lake kwenye injini za Yahoo na Microsoft. Asilimia 99.5 ya waliokuwa wakipitia matangazo hayo waliendelea kuja, safari hii kupitia matokeo ya kawaida yasiyolipiwa. Baadaye ikazima pia matangazo ya maneno mengine katika baadhi ya maeneo ya Marekani na kulinganisha na maeneo yaliyobaki. Kwa wastani fedha iliyotumika haikurudi. Hayo yalikuwa matangazo ya injini za kutafuta, na mitandao ya kijamii ina mazingira yake. Lakini mwaka 2019 Brett Gordon na wenzake, wakiwemo watafiti wa Facebook yenyewe, walichunguza majaribio makubwa 15 ya matangazo ya mtandao huo ambamo watu waligawanywa kwa nasibu, wengine wakaoneshwa tangazo na wengine wasioneshwe. Makadirio ya kawaida, yale ya kulinganisha tu walioliona na wasioliona, yalitofautiana mno na majibu ya majaribio. Katika nusu ya majaribio hayo yalipotoka kwa kiasi cha mara tatu.

Mfanyabiashara atasema basi afanye jaribio lake mwenyewe. Ni wazo zuri, ila hesabu zake si za kawaida. Randall Lewis na Justin Rao walikusanya majaribio 25 ya kampuni kubwa za Marekani, na wakaeleza ugumu kwa mfano: mteja mmoja hununua kwa wastani dola 7 katika kipindi cha kampeni, lakini mtawanyiko wa manunuzi ni dola 75, kwa kuwa wengi hawanunui kitu na wachache hununua sana. Tangazo la senti 14 kwa kila mtu, ili lilete faida nzuri, linatakiwa kuongeza mauzo kwa senti 35 tu. Kutafuta senti 35 ndani ya msukosuko wa dola 75 kunahitaji, kwa kanuni za takwimu zinazotumika kwa kawaida, zaidi ya watu 700,000 katika kila upande wa jaribio. Hakuna duka la Kariakoo lenye nafasi hiyo.

Je, hilo linamaanisha matangazo ni kazi bure? Hapana. Pale ambapo eBay ilipata faida ni kwa wateja wapya na wale walionunua mara chache, watu wasiokuwa na habari kamili kuhusu duka hilo. Tangazo hufanya kazi mahali penye upungufu wa habari. Duka changa lisilojulikana ndilo hasa liko mahali hapo, na lina faida ambayo kampuni kubwa haina: mauzo yake ya kawaida ni machache na tulivu, kwa hiyo badiliko huonekana. Muuza asali anayepata oda 3 kwa wiki kutoka Dodoma, akalipia tangazo kwa watu wa Dodoma peke yake, kisha oda za huko zikafika 15 huku za Morogoro zikibaki palepale, amepata jibu lenye uzito. Azime wiki mbili, awashe tena, abadilishe mji, aandike kila oda na mahali ilipotoka. Kupenda, maoni na idadi ya kutazamwa viachwe kando. Na asithubutu kununua wafuasi bandia: kwa kuwa hawagusi wala hawanunui chochote, wanaufundisha mfumo kwamba bidhaa yake haina mvuto.

Daftari hilo la oda ni muhimu kwa sababu nyingine pia. Mwaka 2016 Facebook ilikiri kwamba kwa takriban miaka miwili ilikuwa imekuza wastani wa muda ambao watu walitazama video, kwa kuwahesabu tu waliotazama zaidi ya sekunde 3 na kuwaacha walioondoka mapema. Mwaka 2019 ilikubali kulipa dola milioni 40 kumaliza kesi ya watangazaji Marekani. Aliyeuza ndiye aliyekuwa ameshika mizani. Tanzania ina Wakala wa Vipimo, unaokagua mizani ya muuza nyama na pampu ya mafuta ili mnunuzi asipunjwe, na mamlaka za kodi za nchi zetu tayari zimejifunza kuyafuata mapato ya makampuni ya mitandao. Mfanyabiashara aliyelipia watu 10,000 waone tangazo lake, na kodi ikakatwa, hana ofisi ya kumkagulia kama watu hao walikuwepo.