Kituo cha afya ni cha wote, tozo ni ya nani?

Tarehe 15 Julai 2021 foleni kwenye vibanda vya mawakala wa fedha za simu zilikuwa za aina yake. Mteja anatoa fedha zake, anasoma ujumbe, anarudi dirishani kuuliza kama wakala amekosea. Wakala hakukosea. Siku hiyo Serikali ya Tanzania ilianza kukata tozo ya kuanzia sh. 10/- hadi sh. 10,000/- kwa kila muamala wa kutuma au kutoa fedha kwa simu, mbali na ada ambayo kampuni za simu zilikuwa zikitoza tangu mwanzo.

Tozo hiyo ilipitia mikono mingi hadi kufikia 2023, na waliosema imekwisha ni wengi. Kwa mwenye duka, mwenye lori na mwenye hati fungani, hesabu haikwisha. Ilihamia ukurasa mwingine wa kitabu kile kile.

Hoja ya Serikali haikuwa ya kubeza. Katika bajeti ya 2021/22, iliyokuwa ya sh. trilioni 36.3, Waziri wa Fedha, Dk. Mwigulu Nchemba, alieleza kuwa tozo ya miamala ingeleta zaidi ya sh. trilioni 1.25 kwa mwaka. Mahitaji yalikuwa wazi: tarafa zisizo na kituo cha afya, maboma ya madarasa yaliyojengwa kwa nguvu za wananchi yakakosa bati, na mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Mwezi Agosti 2021 Waziri alitangaza kuwa zaidi ya sh. bilioni 48 zilikuwa zimekusanywa katika wiki nne za mwanzo, na kwamba sehemu kubwa ilikwenda kujenga vituo vya afya 150. Fedha za kuanzia kwa kila kituo zilikuwa sh. milioni 250.

Nyuma ya hoja hiyo kulikuwa na ukweli ambao wafanyabiashara hawapendi kuusikia: wanaolipa kodi ya mapato moja kwa moja Tanzania ni wachache. Mshahara wa mwalimu hukatwa kabla haujamfikia. Kiwanda kikubwa kina mahesabu yaliyokaguliwa. Lakini sehemu kubwa ya biashara hufanyika mkononi, bila risiti na bila daftari, na mtoza kodi haioni. Simu ilikuwa mahali pa kwanza ambapo karibu kila mtu alionekana, tangu muuza nyanya hadi mwenye stoo ya vitenge. Serikali ikaona hapo pa kusimama na kapu.

Tatizo ni kwamba kapu lilisimamishwa mlangoni pa duka badala ya kwenye droo ya faida.

Chukua mfano wa mwenye duka la vyombo mjini Mbeya anayeagiza mzigo Kariakoo. Mtaji wake ni sh. milioni 4, anauzungusha mara nne kwa mwezi, na akishatoa nauli ya mzigo na pango anabakiwa na faida ya asilimia 3, yaani sh. 120,000/- kwa kila mzunguko. Akituma fedha zote kwa simu, kwa kiwango cha juu cha Julai 2021, alikatwa sh. 10,000/- kutuma. Muuzaji wa Kariakoo naye alikatwa sh. 10,000/- kutoa, lakini hakukubali kuzibeba: maneno ya sokoni yalikuwa yale yale, “tuma na ya kutolea.” Kwa hiyo mwenye duka alibeba zote mbili. Sh. 20,000/- katika faida ya sh. 120,000/- ni sehemu moja ya sita, na hapo ada ya kampuni ya simu haijahesabiwa. Kwa mwaka wa mizunguko 48 ni sh. 960,000/-.

Mtu huyo huyo kama angefanya biashara ya hasara mwezi mzima, tozo ingekuwa vile vile. Ndiyo tofauti kati ya kodi inayosubiri faida na kodi inayokata mzunguko. Kweli, hata kodi ya makadirio ya wafanyabiashara wadogo hutazama mauzo badala ya faida, lakini angalau makadirio mtu huenda nayo ofisini akayajadili. Tozo hukata kwanza, na wa kujadiliana naye hayupo. Tena kadiri biashara inavyozungusha mtaji haraka kwa faida ndogo, ndivyo inavyoumia zaidi; na hizo ndizo biashara za unga, mchele, sukari na sabuni, ambazo mnunuzi wake wa mwisho ni mtu wa kipato cha chini.

Wafanyabiashara walijibu kwa njia wanazozijua. Wengine walirudi kubeba fedha taslimu kwenye basi, zikiwa zimefungwa kiunoni au amekabidhiwa dereva anayeaminika. Wengine walikusanya malipo ya wiki nzima wakatuma mara moja. Mawakala walipoteza wateja na kamisheni. Hata wenye hisa waliguswa: Vodacom Tanzania, iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam tangu Agosti 2017, iliwaeleza wanahisa wake kwamba tozo zilipunguza mapato ya M-Pesa. Mwekezaji mdogo aliyenunua hisa zile kwa sh. 850/- zilipouzwa kwa umma mara ya kwanza alipata somo ambalo halikuwa kwenye waraka wa matarajio: biashara inayotegemea wingi wa miamala midogo inaweza kuyumbishwa na mstari mmoja wa hotuba ya bajeti.

Serikali ilisikia, ingawa kwa hatua fupi fupi. Septemba 2021 ilipunguza viwango kwa asilimia 30, kiwango cha juu kikawa sh. 7,000/-. Julai 2022 kikashushwa hadi sh. 4,000/-, lakini safari hiyo tozo ikavuka barabara na kuingia benki. Hapo ndipo kelele zilipobadilika sauti. Mwaka mmoja kabla, waliolalamika walikuwa hasa watu wa simu. Sasa alilalamika pia mfanyakazi ambaye mshahara wake ulikwisha kukatwa kodi, akakatwa tena alipokwenda kuuchukua kwenye mashine. Tarehe 20 Septemba 2022 Waziri aliliambia Bunge kwamba kuanzia Oktoba mosi tozo ya kuhamisha fedha kati ya benki na benki, na kati ya benki na simu, imefutwa, na kwamba wanaotoa hadi sh. 30,000/- kwa mashine hawatakatwa. Pengo, alisema, lingezibwa kwa kubana matumizi ya Serikali: safari, semina, makongamano na mengine ya aina hiyo.

Hapo ndipo palipo kiini cha ubishi wote, na hapakupewa nafasi ya kutosha. Kama chai, semina na safari ziliweza kupunguzwa Septemba 2022 ili kuziba pengo, mlipa kodi ana haki ya kuuliza kwa nini hazikupunguzwa Juni 2021 kabla ya kumfuata mama ntilie kwenye simu. Waliosema tozo ni uzalendo hawakulijibu swali hilo. Na waliosema tozo ni wizi mtupu nao walikwepa swali lao: semina zote zikifutwa, je, zinatosha kuezeka maboma yote nchini? Hazitoshi. Mishahara na deni la Taifa vikishalipwa, kinachobaki kwa ajili ya majengo mapya ni kidogo kuliko watu wengi wanavyodhani.

Katika bajeti ya 2023/24 tozo ya kutuma fedha kwa simu ilifutwa, ikabaki ya kutoa. Magazeti yakaandika kwamba wananchi wamepata nafuu. Lakini bajeti hiyo hiyo iliongeza sh. 100/- kwa kila lita ya petroli na dizeli, na ikaweka ushuru wa sh. 20/- kwa kila kilo ya saruji, ambao kwa mfuko wa kilo 50 ni sh. 1,000/-. Kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU nayo ilipanda kutoka sh. 1,000/- hadi sh. 1,500/- kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida.

Mwenye kujua hesabu atataka kupima mzigo mpya na wa zamani. Lori la kubeba tani 30 kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya husafiri kilomita 830 hivi. Likila lita moja kwa kila kilomita mbili na nusu, linatumia kama lita 330, na ongezeko la sh. 100/- kwa lita ni sh. 33,000/-. Ukigawa kwa kilo zote za mzigo ni zaidi kidogo ya shilingi moja kwa kilo. Tozo ya mafuta, pamoja na ubaya wake, inagawanyika kwa wengi na inakuwa nyembamba. Yule mwenye duka la vyombo huenda hata asiione.

Saruji haigawanyiki hivyo. Anayejenga nyumba ya mifuko 200 anatoa sh. 200,000/- za ziada peke yake. Muuza vifaa vya ujenzi mwenye kawaida ya kuweka mifuko 200 stoo amelazimika kufunga sh. 200,000/- zaidi za mtaji, bila faida yake kwa mfuko kuongezeka lazima, maana mnunuzi anayelalamikia bei humlalamikia muuzaji aliye mbele yake. Kwa maneno mengine, nafuu ya mwenye vyombo ililipiwa kwa sehemu na mwenye saruji. Watu wawili hao huenda wana maduka yanayopakana.

Hasira za miaka hiyo hazikutokana na tozo peke yake. Kariakoo ilifunga maduka Mei 2023, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kukutana na wafanyabiashara Mnazi Mmoja, na malalamiko makubwa yalikuwa kamatakamata ya maofisa wa kodi na utaratibu wa kusajili stoo. Maduka yalifungwa tena Juni 2024. Katika bajeti ile ile ya 2023/24 kiwango cha mauzo ya kumlazimu mtu kujisajili kwa VAT kilipandishwa kutoka sh. milioni 100 hadi sh. milioni 200 kwa mwaka, nafuu ambayo kwa wengi ilikuwa na uzito kuliko tozo yenyewe.

Majirani nao wamepita njia hiyo. Uganda ilianza Julai 2018 na asilimia moja kwa kuweka, kutuma na kutoa; kabla mwaka haujaisha ikabaki nusu asilimia kwa kutoa tu. Ghana ilianza na asilimia 1.5 Mei 2022, ikashusha hadi asilimia moja Januari 2023, ikaifuta 2025. Lakini Ghana tangu mwanzo ilisamehe sedi 100 za kwanza kwa siku, jambo ambalo lingemwokoa muuza nyanya wa Tanzania. Kenya ubishi uligeuka damu: Muswada wa Fedha wa 2024 ulipitishwa na Bunge Juni 25, vijana wakaingia Bungeni, watu wakauawa, na kesho yake Rais William Ruto akasema hatautia sahihi. Desemba mwaka huo huo sheria nyingine ya marekebisho ya kodi ilipita, ikiwa na baadhi ya mambo yaliyokuwemo kwenye muswada ule.

Kwa mwekezaji mdogo kuna upande wa pili wa sarafu, usiosemwa sana vibandani. Serikali isipokusanya, hukopa, na hukopa pia kwa wananchi wake. Aprili 2022 Benki Kuu ilishusha riba ya hati fungani za miaka 25 kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56, na za miaka 20 kutoka 15.49 hadi 12.10. Aliyeweka sh. milioni 10 katika hati ya miaka 25 kwa riba hiyo mpya hupata sh. 628,000/- kila miezi sita. Fedha hizo hutoka Mfuko Mkuu wa Serikali, na malipo ya deni hutangulia matumizi mengine. Kwa hiyo mtu anaweza kukatwa tozo asubuhi na kupokea riba jioni, na katika foleni ya malipo riba yake iko mbele ya kituo cha afya cha tarafa yake. Hakuna ubaya kisheria wala kimaadili, ila anayelalamika kwamba Serikali inatumia mno na huku anaomba riba ipande ajue anavuta kamba kwa ncha zote mbili.

Ubishi unaofuata umekwisha kufika. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge Novemba 2023, na kuwalipia wasio na uwezo kunahitaji chanzo cha fedha cha kudumu. Bajeti ya 2025/26, ya sh. trilioni 56.49, ilileta makato madogo madogo kwenye bidhaa na huduma kadhaa, vikiwemo vileo na mafuta, kwa ajili ya mapambano dhidi ya UKIMWI na bima hiyo. Ni mwendo ule ule wa shilingi chache mahali pengi.

Hotuba ya bajeti husomwa katikati ya Juni na viwango vingi vipya huanza Julai mosi. Mwenye saruji, mafuta au vinywaji stoo ana wiki mbili hivi za kujua kama bei ya mzigo wake imebadilika kabla haujauzwa, na orodha ya ushuru wa bidhaa kwenye viambatisho vya mwisho vya hotuba humweleza mengi kuliko kurasa zake za mwanzo.