Hukumu za Mahakama na Familia Zetu: Ipi Inatufunga Visiwani na Ipi Haitufungi?

Sifa zote njema ni za Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam).

Ndugu zetu katika imani, habari za hukumu za mahakama husambaa siku hizi kwa simu kabla hazijafahamika. Mtu akisikia "mahakama imeamua," hudhani mirathi yake imeshabadilika. Tuzitazame tatu.

1. Umri wa kuolewa

Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Tanzania, katika shauri la Rebeca Gyumi, iliamua kuwa vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18, vinapingana na Katiba. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na uamuzi huo. Lakini Sheria ya Ndoa ya 1971 ni ya Tanzania Bara, haitumiki Zanzibar. Hata hivyo, mwenye binti anayeishi Dar es Salaam au Tanga asidhani jambo hili halimhusu.

2. Mali ya mume na mke

Hapa kwetu Mahakama za Kadhi zinaendeshwa kwa Sheria Namba 9 ya 2017, iliyochukua nafasi ya ile ya 1985. Sheria hii inamruhusu Kadhi kusikiliza madai ya mali iliyochumwa ndani ya ndoa, pale ambapo kuna mchango halisi. Maana yake, mke aliyetoa fedha zake kujenga nyumba ana pa kudai akiachwa. Hili halipingani na dini: mali ya mwanamke ni yake, na hailiwi ila kwa ridhaa yake. Tatizo ni ushahidi. Wengi huchangia bati, saruji na mafundi bila karatasi hata moja, na kiwanja kikaandikwa jina la mume peke yake.

3. Mtoto wa nje ya ndoa na mirathi

Tarehe 30 Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kuwa watoto waliozaliwa nje ya ndoa wasizuiliwe kumrithi baba yao Muislamu kwa sababu hiyo tu. Katiba ya Kenya, ibara ya 24(4), inaruhusu sheria ya Kiislamu kupunguza haki ya usawa mbele ya Kadhi kwa kiwango cha lazima tu, na mahakama ikaona kuwanyima watoto hao kunavuka kiwango hicho.

Hukumu hiyo haiwafungi makadhi wa Zanzibar. Aidha, kwa mujibu wa Katiba ya Zanzibar, mambo ya Kiislamu yaliyoanzia Mahakama ya Kadhi hayapandi hadi Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Huishia Mahakama Kuu ya Zanzibar.

Ama kwa hukumu ya fiqhi, wanazuoni walio wengi wanasema mtoto huyo humrithi mama yake, wala harithi kwa baba. Lakini mtoto hana kosa, na hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nyingine. Sheria imeacha milango miwili wazi: hiba, yaani kumpa na kumkabidhi baba akiwa hai na mzima, na wasia usiozidi thuluthi ya mali, kwa kuwa yeye si mrithi. Baba anayenyamaza mpaka kufa huwaachia watoto wake wote ugomvi.

Tunanasihi yafuatayo:

- Ndoa na talaka zisajiliwe, na vyeti vihifadhiwe.
- Mchango wa kila mmoja katika nyumba au shamba uandikwe mbele ya mashahidi.
- Wasia uandikwe mapema, wala usimzidishie mrithi fungu lake.
- Kabla ya kugawa au kuuza mali ya marehemu, familia ifike kwa Kadhi wa wilaya yake.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.