Herufi Moja Yageuza Shauri

Na tuseme kwamba mkulima amemwuzia mwenye duka magunia kumi ya mahindi kwa deni, kisha akapata barua fupi kutoka kwa karani wa duka hilo: “Mzee hatalipa mwisho wa mwezi.” Mkulima atakasirika, na pengine atakwenda kushtaki. Kumbe karani alikusudia kuandika “atalipa”. Herufi moja imegeuza ahadi kuwa kukataa.

Kosa hili ni la kawaida sana. Wako watu ambao katika kusema huiacha h, wakatamka “abari” na “apa”. Washikapo kalamu huogopa kukosa, basi huitia hata mahali isipotakiwa, wakaandika “hasubuhi” na “hasante”. Katika maneno hayo msomaji huudhika kidogo, kisha akaendelea kusoma. Lakini katika kitendo, h ndiyo inayotenga ndiyo na siyo. Kwa kinywa mtu aweza kuulizwa, “Wasema atalipa au hatalipa?” Barua haiwezi kuulizwa.

Watu wa bara wengine hutatizwa na r na l, na sababu yake yajulikana: Kikikuyu, kwa mfano, hakina l katika alfabeti yake. Hilo si jambo la kumcheka mtu. Hata hivyo, anayeandika kwamba wazee wamekutana kuzungumza habari za “mahali” ya binti yao, ilhali ni mahari, atawafanya wasomaji waulize ni mahali gani. Na aombaye aletewe “karamu” asistaajabu akiulizwa ni ng'ombe wangapi watakaochinjwa.

Hasara kubwa zaidi hutoka katika maneno ya mapatano. Kukodi ni kutwaa kitu cha mtu kwa malipo. Kukodisha ni kumpa mtu kitu chako akulipe. Siku hizi wengi husema “nimekodisha shamba” kwa maana zote mbili, hata msomaji hajui mwenye shamba ni nani. Vivyo hivyo kukopa na kukopesha, na “amelipa” na “amelipwa”. Ile w ndogo ndiyo ijulishayo fedha zimo katika mfuko wa nani.

Kisha kuna upatanisho wa maneno, ambao wengi huudhani kuwa ni pambo la walimu na watu wa pwani. Neno “ng'ombe” halibadiliki, awe mmoja au wawe mia. Aandikaye “ng'ombe wangu amepotea” amesema mmoja. Aandikaye “ng'ombe wangu wamepotea” amesema wengi. Lakini “ng'ombe yangu imepotea”, kama isemwavyo mahali pengi pa bara, yamwacha askari na kalamu yake hewani, hajui atafute mmoja au kundi zima.

Makarani nao wasijione wamesalimika. Wako wanaomcheka mkulima, nao huandika “nime pokea barua yako na nita ijibu”, wakilikata neno vipande kama muwa. Kiambishi hakisimami peke yake.

Tahajia inayotumika leo haikuanguka kutoka mbinguni. Katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa lugha ya kuandikia, na mwaka 1930 ikaanzishwa kamati ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja ili kusawazisha maandishi. Kamusi ya Johnson ilitoka mwaka 1939, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Hata hivyo mambo mengine bado yana njia mbili. Vitabu vya zamani huandika “mwuzaji”, vya sasa “muuzaji”. Msomaji akasirikaye kwa jambo hilo ajitafutia ugomvi bure, kwa maana hakuna apotezaye shilingi kwa ajili yake.

Barua ya deni, ya shamba au ya mifugo yafaa isomwe kwa sauti kabla ya kupelekwa, tena isomwe na mtu asiyejua shauri lenyewe. Huyo akishamaliza, aulizwe mambo matatu tu: nani anadaiwa, ni ng'ombe wangapi, na fedha zitalipwa au hazitalipwa. Akisita katika lolote, karatasi nyingine itolewe.