Samaki wa dhahabu alivyofungua siri ya mayai ya kambale

Kwa mfugaji wa kambale, tatizo linaweza kuanza siku ambayo kila kitu kinaonekana sawa. Samaki jike ameshiba, tumbo limejaa mayai, maji ya bwawa ni mazuri. Lakini mayai hayatoki. Wiki zinapita, na mfugaji anabaki bila watoto wa samaki wa kujaza mabwawa yake.

Ndivyo alivyo kambale wa Afrika, ambaye wasemaji wa Lingala humwita ngolo. Porini, hutaga wakati mvua inapofurisha mito na maji kufunika majani. Akifungiwa bwawani, mayai yake hukomaa lakini kwa kawaida hayatagi yeye mwenyewe.

Leo hii jibu la tatizo hilo ni sindano ya homoni. Na sehemu kubwa ya ujuzi uliozaa sindano hiyo ilitoka kwa samaki ambaye watu humfuga kwa ajili ya uzuri wake, si kwa kumla na bugali: samaki wa dhahabu.

Kwa nini samaki huyu?

Samaki wa dhahabu alianza kufugwa nchini China zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Kwa watafiti ana faida nyingi. Bei yake ni ndogo, anavumilia maisha ya ndani ya chombo, na mwili wake una damu ya kutosha kupimwa mara kadhaa bila kumuua. Zaidi ya hayo, ni wa ukoo mmoja na kapu, samaki wanaolisha mamilioni ya watu barani Asia. Linalogunduliwa kwake linaweza kujaribiwa kwa samaki wa chakula.

Katika Chuo Kikuu cha Alberta, mjini Edmonton nchini Canada, mtafiti Richard Peter alitumia miaka mingi kuchunguza jinsi ubongo wa samaki huyu unavyoongoza uzazi. Tayari ilijulikana kwamba ubongo hutuma homoni kwenye tezi ndogo iliyo chini yake, iitwayo pituitari. Tezi hiyo nayo humwaga ndani ya damu homoni nyingine, inayoamuru mayai yaachiliwe.

Freni ndani ya ubongo

Jambo la kushangaza lilitangazwa mwaka wa 1980. Peter na mwenzake waliharibu sehemu ndogo sana ya ubongo wa samaki wa dhahabu. Mtu angetegemea uzazi usimame. Kinyume chake, homoni ya pituitari ilipanda sana na majike wakaachilia mayai.

Maana yake ilikuwa wazi: sehemu ile haikuwa inasukuma uzazi, ilikuwa inauzuia. Ubongo wa samaki una kichapuzi, lakini una freni pia. Katika miaka iliyofuata, watafiti wa Alberta walionyesha kwamba freni hiyo ni dopamini, kemikali ambayo hata ubongo wa binadamu unayo.

Hapo ndipo ikaeleweka kwa nini majaribio mengi ya kuwachoma samaki homoni ya ubongo peke yake yalikuwa yakitoa matokeo dhaifu. Ni sawa na dereva anayekanyaga mafuta huku mguu mwingine ukiwa juu ya freni. Gari inanguruma, lakini haiendi.

Kutoka maabara hadi bwawani

Katika miaka ya 1980, Peter alishirikiana na Lin Haoran wa Chuo Kikuu cha Zhongshan, mjini Guangzhou, China. Huko, kapu wengi wanaofugwa hutaga kwenye mito mikubwa na si bwawani. Watafiti hao waliunganisha dawa mbili ndani ya sindano moja: homoni ya kutengenezwa inayofanana na ile ya ubongo, pamoja na domperidoni, dawa ambayo watu hutumia kuzuia kutapika. Ya kwanza inakanyaga mafuta, ya pili inaachia freni.

Njia hiyo iliitwa Linpe, kwa kuunganisha majina ya Lin na Peter. Kutoka kwake ilizaliwa dawa inayouzwa kwa jina la Ovaprim, ambayo sasa inatumika katika nchi nyingi, pamoja na za Afrika, kwa kapu na kwa kambale. Kipimo cha kawaida ni nusu mililita kwa kila kilo ya samaki.

Kabla ya hapo, na hadi leo kwa wafugaji wengi, njia ilikuwa kuua samaki aliyekomaa, kutoa pituitari yake, kuisaga na kumchoma nayo jike mwingine. Njia hiyo inafanya kazi, na haihitaji dawa kutoka ng'ambo. Lakini nguvu ya tezi moja si sawa na ya nyingine, na samaki anapotea.

Sindano haifanyi miujiza

Homoni haikomazi mayai mabichi. Jike asiyekuwa tayari akichomwa, mfugaji anapoteza pesa na pengine samaki pia. Joto la maji nalo ni muhimu. Kwa digrii 25, mayai ya kambale huwa tayari kukamuliwa baada ya masaa 11 hivi. Kwa digrii 20, muda huo unakaribia kuongezeka mara mbili. Kwenye milima ya Kivu, ambako maji ni baridi kuliko ya Kindu au Kisangani, anayefuata saa bila kupima joto anaweza kukamua mapema na kuharibu kazi yote.

Kuna pia shida ya dume. Mbegu za kambale dume hazikamuliki kwa urahisi, ndiyo sababu mara nyingi huuawa ili kutoa korodani zake.

Samaki wa dhahabu ametoa somo hata upande huo. Norman Stacey wa Alberta na Peter Sorensen walionyesha, katika miaka ya 1980, kwamba jike anayekaribia kuachilia mayai hutoa homoni ndani ya maji. Dume huinusa hata ikiwa kidogo sana, na mwili wake huongeza mbegu kabla ya alfajiri, wakati ambapo samaki hao hutaga. Homoni moja inafanya kazi ndani ya mwili wa jike, kisha inakuwa ujumbe kwa dume.

Kwa mfugaji, somo la kwanza linabaki la kawaida: kabla ya kununua sindano, achague jike aliyekomaa na apime joto la maji yake.