Hawezi Kutembea, Anaendesha Baiskeli

Mwaka 2010 madaktari wawili wa Uholanzi, Anke Snijders na Bastiaan Bloem, walieleza kisa cha bwana wa miaka 58 aliyekuwa ameishi na ugonjwa wa Parkinson kwa miaka 10. Hatua chache tu zilimshinda: nyayo zinanata sakafuni, mwili unatangulia, anaanguka. Lakini baiskeli aliiendesha barabarani bila kuyumba, na kona akazikata vizuri. Aliposhuka tu, miguu ikaganda tena.

Kumbe misuli ilikuwa nzima. Parkinson huua seli zinazotengeneza dopamini, ndani kabisa ya ubongo, na bila dopamini ya kutosha yanaharibika mambo tuyafanyayo pasipo kuyafikiria. Wewe ulipoinuka kitandani leo hukupanga uanze na mguu upi. Mgonjwa hulazimika kupanga. Ndiyo maana hatua zake huwa fupi, nyayo zinaburuzika, mkono mmoja unaacha kubembea. Msemeshe njiani, au mpe kikombe cha chai abebe, na huenda akasimama kabisa. Pabaya zaidi ni mlangoni na kwenye kugeuka. Hapo miguu hutetemeka palepale bila kusogea.

Levodopa, dawa ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, huwasaidia wengi. Ila nguvu yake ikipungua kabla ya dozi inayofuata, kuganda hurejea, na wapo wanaoganda hata dawa ikiwa inafanya kazi. Kwa hao kuna ujanja usio na gharama. Bandika sakafuni vipande vya tepu vinavyokatiza njia, vikiachana kwa urefu wa hatua moja, na mara nyingi mtu aliyekwama atavivuka kimoja baada ya kingine. Wimbo wenye mapigo hufanya kazi hiyohiyo, na hata kuhesabu kwa sauti. Alama ya nje huupa ubongo njia nyingine, kama daladala inayokwepa foleni kwa kupita vichochoroni.

Ndugu, kwa mapenzi, humvuta mgonjwa mkono. Hilo ndilo kosa kubwa, maana kiwiliwili kinakuja na miguu inabaki. Mwacheni kwanza asimame wima, avute pumzi, aegemee mguu huu kisha ule, ahesabu moja, mbili, tatu, ndipo anyanyue mguu. Akitaka kugeuka, azunguke kwa duara pana badala ya kujipinda papo hapo. Na ule mkeka wa sebuleni, uondoeni.

Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008, uliwakuta wagonjwa 33 wa Parkinson. Zaidi ya robo tatu yao hawakuwahi kuambiwa wanaumwa nini. Basi babu au bibi akianza kuburuta mguu mmoja na mkono wake ukaacha kubembea, msiseme ni uzee. Mpelekeni hospitali akapimwe.