Kupunguza baruti si kupunguza hatari

NI desturi ya binadamu kuamini kwamba kupunguza ni kujihadhari. Dereva apunguzaye mwendo hudhani ameiacha ajali nyuma, na mpishi apunguzaye chumvi ana hakika kwamba mchuzi hautamwaibisha mbele ya wageni.

Imani hiyo ina mipaka yake, na mmoja wa mipaka hiyo umo ndani ya risasi ya bunduki. Mtu anayejaza risasi zake mwenyewe akipunguza baruti bila kujua ni baruti ya aina gani aliyoishika, huenda akaligeuza pumbao la Jumamosi kuwa maafa.

Kujaza risasi nyumbani ni shughuli ya kawaida nchini Marekani, ambako sheria ya serikali kuu humruhusu raia kujitengenezea risasi za matumizi yake bila leseni ya mtengenezaji. Wapo wanaofanya hivyo ili kubana matumizi, kwani ganda la shaba huweza kutumika tena na tena. Wengine hutafuta ulengaji bora kuliko ule wa risasi za dukani.

Lipo pia kundi la tatu, ambalo ndilo shabaha ya makala haya: walengaji wanaotaka risasi pole, zisizopiga bega kwa kishindo.

Sababu zao ni za msingi. Karatasi iliyotundikwa umbali wa mita 100 haihitaji nguvu inayohitajika kumwangusha mnyama mkubwa porini. Kijana anayejifunza akipigwa teke na bunduki mara kumi, mara ya kumi na moja atafumba macho kabla ya kuvuta kifyatulio, na akishaizoea tabia hiyo itamchukua muda mrefu kuiacha.

Hesabu nayo inawaunga mkono. Msukumo wa bunduki kurudi nyuma ukipungua kwa robo, nishati inayopokelewa na bega hushuka hadi asilimia 56 hivi ya ile ya awali, kwa kuwa nishati hufuata mraba wa kasi. Punguzo dogo, basi, huleta nafuu kubwa.

Swali ni moja: nafuu hiyo itafutwe kwa baruti gani?

Moto unaojichochea

Risasi kamili ina sehemu nne. Kuna ganda, kiwashio kilichopachikwa kitakoni mwa ganda, baruti iliyomo ndani, na kichwa kinachoruka kuelekea shabaha. Pini ya bunduki hugonga kiwashio, kiwashio hutoa cheche, baruti huwaka na kuzaa gesi, nayo gesi humsukuma huyo msafiri katika mtutu.

Baruti ya kale ilikuwa mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti, na ilitoa moshi mzito uliomziba macho mpigaji. Mnamo 1884, mwanakemia Mfaransa Paul Vieille alibuni baruti isiyo na moshi iliyotokana na nitroselulosi, na miaka miwili baadaye jeshi la Ufaransa likapata bunduki ya Lebel iliyoitumia.

Alfred Nobel alifuata mwaka 1887 na baruti yake iliyochanganya nitroselulosi na nitrogliserini. Mwaka 1889 Waingereza Frederick Abel na James Dewar walisajili baruti iliyoitwa kodaiti, ambayo vijiti vyake virefu vyembamba vilifanana na tambi. Ndiyo iliyokuja kujazwa katika risasi za .303 za bunduki ya Lee-Enfield, silaha ambayo askari wa King's African Rifles kutoka pande zetu waliibeba vitani.

Baruti hizi mpya zina tabia moja inayopaswa kueleweka kabla ya jingine lolote. Zikiwashwa mahali pa wazi, huungua kwa mwali mkali lakini hazilipuki. Zikifungiwa ndani ya chemba ya bunduki, shinikizo la gesi huzifanya ziungue haraka zaidi, na kuungua huko kukazidisha shinikizo. Huo ni moto unaojichochea wenyewe.

Ukubwa wa shinikizo hilo si wa kubahatishwa. Kikomo kilichowekwa na viwanda vya Marekani kwa risasi ya .30-06 ni pauni 60,000 kwa kila inchi mraba. Gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa takriban pauni 30 kwa kipimo hicho hicho. Kwa hivyo chemba ya bunduki hustahimili shinikizo la magurudumu 2,000, tena sentimita chache tu kutoka kwa jicho la mpigaji.

Ili kuudhibiti moto huo, watengenezaji huipa kila baruti umbo lake na kuipaka dawa ya kupunguza kasi ya kuungua. Zipo zenye umbo la vipande bapa, zipo za punje za mviringo, na zipo za vijiti vifupi vyenye tundu katikati. Za haraka hutumika zaidi katika bastola na bunduki za marisau. Za polepole hutengenezewa bunduki zenye maganda makubwa na vichwa vizito. Baina ya hizo mbili kuna baruti za wastani.

Mitego miwili

Mtego wa kwanza ni wa baruti ya polepole. Mlengaji huichukua baruti aliyoizoea, akatia nusu ya kiasi cha kawaida, akidhani atapata nusu ya kishindo.

Kumbe baruti ya aina hiyo hutegemea ganda lililojaa na shinikizo kubwa ndipo iungue sawasawa. Ikiwa kidogo, hulala upande mmoja wa ganda na kuacha nafasi tupu. Huenda ikachelewa kuwaka, ikaacha punje mbichi ndani ya mtutu, au ikashindwa kabisa kukitoa kichwa.

Baya zaidi ni kwamba mara chache bunduki zimewahi kupasuka kwa kiasi kidogo cha baruti ya polepole. Wataalamu hawajaafikiana kuhusu kinachotendeka hasa. Maelezo mojawapo ni kwamba kichwa husogea kidogo kisha hukwama mwanzoni mwa mtutu, na baruti iliyosalia, ambayo sasa imeshika moto, hukuta njia imezibwa.

Hii ndiyo sababu kampuni ya Hodgdon ya Marekani huonya kwamba vipimo vya baruti zake za H110 na 296 visipunguzwe kwa zaidi ya asilimia 3. Anayetafuta risasi pole hana budi kuziacha baruti hizo zilipo.

Mtego wa pili ni wa baruti ya haraka. Hii huwaka vizuri hata ikiwa kidogo, na kwa miaka mingi walengaji wameitumia kusukuma vichwa vya risasi vilivyosubuliwa kwa madini ya risasi tupu. Ubaya wake ni kwamba kipimo chake huchukua sehemu ndogo tu ya ganda.

Mjazaji akiitwa na mtoto au akijibu simu, aweza kurudi na kulijaza ganda lile lile mara ya pili, na nafasi ikabaki. Macho hayatamwonya. Atakayemwonya ni bunduki yenyewe, na onyo hilo humfika akiwa ameegemeza shavu kwenye kitako.

Njia ya kati

Baina ya mitego hiyo miwili kuna njia iliyokwisha kupimwa. Baruti ya wastani iitwayo 4895 ilitumika katika risasi za .30-06 za bunduki ya M1 Garand wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Vita vilipokwisha, Bruce Hodgdon wa jimbo la Kansas alinunua akiba iliyobaki mikononi mwa serikali akawauzia walengaji wenzake, na biashara hiyo ndiyo iliyozaa kampuni yenye jina lake.

Baruti ya siku hizi iitwayo H4895 ina sifa adimu: huendelea kuungua kwa utaratibu hata ikipunguzwa sana. Kampuni hiyo huruhusu mjazaji achukue kiwango cha juu kilichochapishwa cha H4895 kwa aina ya risasi yake, akizidishe kwa asilimia 60, na matokeo yawe kiasi cha kuanzia kwa risasi za vijana na za shabaha.

Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba kitabu kinataja kiwango cha juu cha greni 50. Asilimia 60 yake ni greni 30. Greni hapa ni kipimo cha uzani, wala si hesabu ya punje. Pauni moja ina greni 7,000. Kiwango chenyewe lazima kisomwe katika kitabu cha vipimo cha mtengenezaji, kwa aina ile ile ya risasi na uzani ule ule wa kichwa.

Tahadhari mbili zinafuata. Kwanza, ruhusa hiyo ni ya H4895 peke yake, katika risasi ambazo baruti hiyo ina vipimo vilivyochapishwa. Pili, kuna baruti nyingine iitwayo IMR 4895. Nambari ni moja lakini baruti ni mbili, na vipimo vya moja havifai kuhamishiwa kwa nyingine. Majina yamewahi kuwaponza wengi.

Njia nyingine ni baruti nyepesi yenye kujaza nafasi, kama ile ya Trail Boss ambayo punje zake ni vipete vidogo vyenye tundu. Faida yake ni kwamba kipimo kidogo hulijaza ganda, na anayejaza mara mbili huiona ikimwagika. Sharti lake ni isishindiliwe, kwani vipete vikivunjika kasi ya kuungua hubadilika. Hata hivyo, katika miaka ya karibuni baruti hiyo imekuwa adimu madukani.

Kwa hivyo, anayechagua na ajiulize maswali manne. Je, kuna vipimo vilivyochapishwa na mtengenezaji kwa risasi pole za aina yake? Je, baruti hiyo hulijaza ganda kiasi cha kulifichua kosa la kujaza mara mbili? Je, huwaka sawasawa hata ikiwa imelala mbele au nyuma ya ganda? Je, bunduki yake yaweza kuitumia?

Swali hilo la mwisho husahaulika. Bunduki zinazojikoki kwa nguvu ya gesi huhitaji shinikizo maalumu, na risasi pole hushindwa kuzikoki. Risasi za namna hii zinafaa zaidi bunduki zinazokokiwa kwa mkono.

Mlengaji pia hana budi kurekebisha kilengeo chake. Kichwa kinachoruka kwa kasi ya mita 800 kwa sekunde hufika mita 100 kikiwa kimeshuka sentimita 8 hivi. Kwa kasi ya mita 500 kwa sekunde, hushuka karibu sentimita 20. Hesabu hiyo haijatia upinzani wa hewa, ambao huongeza mshuko.

Mezani na uwanjani

Baruti sahihi haitamwokoa mzembe. Wajazaji wazoefu huweka mkebe mmoja tu wa baruti mezani, na baruti iliyobaki huirudisha katika mkebe wake wa asili. Baruti isiyo na jina hutupwa, hata ikiwa ya thamani kiasi gani.

Maganda yaliyojazwa hupangwa kwenye ubao na kumulikwa kwa taa moja baada ya jingine kabla ya vichwa kupachikwa. Ganda lenye kina tofauti na wenzake humwagwa na kupimwa upya kwa mizani.

Uwanjani, mlio dhaifu ni amri ya kusimama. Mlengaji husubiri, huku mtutu ukielekea shabaha, kwa kuwa huenda baruti imechelewa tu kuwaka. Kisha hutoa ganda na kuutazama mtutu kutoka nyuma. Kama kichwa kimekwama humo, risasi ya pili itakikuta njiani, na mtutu utafura au kupasuka. Vichwa vilivyovikwa shaba hukwama kwa urahisi zaidi kuliko vya risasi tupu, kwa hivyo kuna kasi ambayo haifai kushukwa chini yake.

Kwa msomaji aliye hapa Kenya, haya ni maarifa tu wala si ruhusa. Silaha na risasi zinasimamiwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na vilipuzi vina sheria yake, Sura ya 115. Anayetaka kulenga shabaha na aanzie kwa Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha na klabu inayotambuliwa, si kwa mkebe wa baruti sebuleni.

Kwa Mkenya aliye ughaibuni ambaye sheria ya huko inamruhusu, fundisho ni fupi. Asiulize kwanza atapunguza kiasi gani. Aulize ni baruti gani iliyokubali kupunguzwa, na ni nani aliyeipima kabla yake. Anayejitungia kipimo chake mwenyewe hujifanya yeye ndiye maabara, na vyombo vya maabara hiyo ni macho na vidole vyake.